Kidole Hutangulia Jicho

Sentensi iliandikwa kwa penseli, mkono umekazwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka: "Dada yangu ana ndevu." Pembeni mwalimu alikuwa amechora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Mpwa wangu ana miaka saba na hana dada. Ana baba, na baba huyo ana ndevu kweli, si haba.

Kosa ni moja tu, limerudiwa mara mbili. Herufi b ikigeuzwa uso huwa d, na kwa Kiswahili mgeuko huo unatosha kumvua mzazi ubaba. Shuleni kwake, ambako sitakutaja, alipewa dawa ya enzi za babu: andika "baba" mara mia. Akaandika. Nilikaa nikahesabu. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya kina baba watupu. Kufikia katikati ya ukurasa kina dada walishaingia, na huko chini walijitokeza "bada" na "daba", watu ambao katika ukoo wetu hatuwajui. Mtoto alikuwa ametumia jioni nzima kulifanyia kosa lake mazoezi.

Tunakaa Nyayo Highrise, orofa ya tatu. Dirisha la jikoni linatazama mabati ya Soweto Mashariki, yamebanana mpaka macho yachoke. Kutoka kwetu hadi Kibera ni mwendo wa kichochoro; kinachotutenga zaidi ni karo tunazolipa, na karo hizo, nimegundua, hazimzuii mtu kupewa "baba" mara mia. Jirani yetu wa chini hufundisha katika shule ndogo ya mabati huko bondeni. Watoto humwita Ticha, na sisi wakubwa tumezoea hivyo hivyo. Tulikutana kwenye ngazi, nikamweleza kisa cha dada mwenye ndevu. Alicheka, kisha akauliza mtoto ana miaka mingapi.

"Jirani, niletee huyo kijana Jumamosi," alisema. "Asije na penseli. Wala kitabu."

Jumamosi tulimkuta kwenye uwanja wa saruji mbele ya jengo, mbele yake kifuniko cha ndoo ya rangi ya lita ishirini. Ndani yake kulikuwa na mchanga wa mjengo, ameuchekecha mpaka ukawa laini kama sukari. Alimketisha mpwa wangu sakafuni, akamshika vidole viwili, cha shahada na cha kati.

"Hii inaliaje?"

"Bii," akajibu mtoto.

"Hilo ni jina lake la Kiingereza. Mimi nauliza inaliaje."

Mtoto akanyamaza. Ticha akafumba midomo, akaiachia kidogo: b, b, b, kama maji yanayochemka polepole. Akamwambia aweke mkono wa pili mbele ya mdomo ausikie upepo. Kisha vidole vikaingia mchangani: shuka chini, panda, zunguka tumbo. Huku mdomo ukilia. "Baba anatangulia na fimbo," alisema. Fimbo kwanza, tumbo baadaye. Halafu d: tumbo kwanza, fimbo baadaye. "Dada anatangulia na sufuria." Niliguna moyoni kuhusu dada na sufuria, maana sikuona kwa nini fimbo iwe ya mmoja na jiko liwe la mwingine, lakini halikuwa darasa langu.

Alirudia hivyo mara sita, saba. Kisha macho yakafumbwa, vidole vikaandika gizani. Kisha Ticha akamgeuza mtoto, akamwandikia herufi mgongoni kwa kidole, mtoto abahatishe. Alipokosea hakuambiwa amekosea. Aliandikiwa tena polepole zaidi. Mwisho Ticha alichukua chaki, akachora b kubwa ya urefu wa gari kwenye saruji, akamwambia avue viatu aitembee kuanzia kichwani, akiitaja. Mpwa wangu alitembea juu ya herufi kama mtu anayefuata mstari wa mpaka wa shamba.

Nilicheka peke yangu kwa sababu ya jina la mtaa. Rais Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 aliahidi kufuata nyayo za Kenyatta, na tangu hapo neno likabandikwa kila mahali: uwanja wa michezo, jumba la serikali, mabasi, mpaka maziwa tuliyokuwa tukinywa shuleni. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mtu akifuata unyayo wowote kwa miguu yake hasa, mpaka siku hiyo.

Kwa nini mtoto mwenye akili timamu, anayejua matatu ya nambari 8 inaelekea wapi na ya 46 inaelekea Kawangware, ashindwe na b na d? Mtaalamu wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, amelieleza jambo hili vizuri. Ubongo wetu umelelewa na vitu, na kitu hakibadiliki jina kwa kugeuzwa. Kikombe kikiwa na mkono kushoto ni kikombe. Mkono ukiwa kulia bado ni kikombe. Mbuzi akielekea Kawangware au akielekea mjini ni mbuzi yule yule. Kisha siku moja mtoto anaingia darasani na kuambiwa kwamba kijiti chenye tumbo upande huu kina jina moja, na upande ule kina jina jingine. Jicho linakataa, na lina haki ya kukataa, kwa sababu halijawahi kuambiwa jambo kama hilo tangu lizaliwe. Lakini mkono haudanganyiki kirahisi namna hiyo. Safari ya b mchangani inaanzia juu na kushuka. Safari ya d inaanza kwa kuzunguka. Ni safari mbili tofauti, na mkono hukumbuka safari.

Wafaransa wengine, Édouard Gentaz na wenzake, walilijaribu jambo hili kwa watoto wa chekechea miaka ya 2000: waliopapasa herufi zilizoinuka kwa vidole walifumbua maneno vizuri kuliko waliozitazama tu. Si mwujiza. Ni tofauti ya kumwona mtu kwa mbali na kumpa mkono.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wimbo wa alfabeti, maana ndio unaoimbwa kuanzia Kibera hadi Kawangware kila asubuhi, na kwa sauti ya kutikisa mabati. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaimba "ei, bii, sii, dii, ii". Herufi ya kwanza ameambiwa ni "ei", ilhali katika kila neno la Kiswahili atakalokutana nalo inalia a. Herufi e ameambiwa ni "ii", sauti ambayo ni mali ya i. Nayo i ameambiwa ni "ai". Katika irabu tano, tatu amezipata kinyume au zimechanganywa kabla hajafungua kitabu. Kisha tunashangaa akisoma "mei" mahali palipoandikwa "ma".

Na Kiswahili ni lugha karimu mno kwa anayeanza. Irabu tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki kwa hasira wala kwa furaha. Q na x hakuna, c haitoki nyumbani bila h. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi za Ulaya wanaoanza kusoma. Baada ya mwaka wa kwanza shuleni, watoto wa Kiitalia walisoma sawasawa maneno kama 95 katika kila 100 waliyowekewa. Wale wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, 34. Hawakuwa wajinga zaidi. Kiingereza kimejaa mitego, Kiitalia kinaandikwa karibu kama kinavyosemwa, na Kiswahili kinasimama upande wa Kiitalia. Sisi tumepewa ngazi fupi, tukaenda kuazima ndefu.

Kiitalia kinanirudisha kwenye ghorofa. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua chumba cha watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa vibarua, nyumba zimerundikana watu, na waliosimamia majengo hayo walichotaka hasa ni mtu wa kuwashika watoto wasiharibu kuta na ngazi wazazi wakiwa kazini. Mtu wa Highrise anawaelewa bila mkalimani. Montessori alikuwa amefanya kazi na watoto walioonekana punguani, akiazima mbinu za Mfaransa Édouard Séguin, na akajiuliza: kama hizi zinawafaa wale, mbona tusiwape na hawa? Akakata herufi za msasa, akazibandika kwenye kadi, watoto wakazipapasa kwa vidole viwili huku wakizitamka.

Mwezi Desemba, siku ya jua, alikuwa na watoto juu ya paa. Alimwomba mvulana wa miaka mitano amchoree bomba la moshi kwa chaki kwenye vigae. Mtoto akachora, akatulia, kisha akaanza kupiga kelele kwamba anajua kuandika. Akaandika "mano", yaani mkono. Kisha "camino", bomba la moshi. Kisha "tetto", paa. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuandika neno zima. Mkono ulikuwa umejifunza vipande vyake vyote, ukangoja siku yake. Tazama maneno yenyewe: mano, camino, tetto. Karibu yote konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, mwisho irabu. Yangeweza kuwa majina ya vijiji vya pwani.

Basi mambo haya si mageni wala si ya matajiri, ingawa leo shule nyingi za Nairobi zinazobeba jina la Montessori getini zina karo ambayo mtu wa San Lorenzo ya 1907 angezimia akiiona. Wala si ya Wazungu peke yao. Pale Makina, sehemu ya Kibera waliyoianzisha Wanubi, wanajeshi wa zamani waliotoka Sudan, watoto bado wanakwenda chuo cha Kurani jioni. Mtoto hushika kijiti, akakipitisha chini ya herufi, mwili ukiyumba, sauti ikitoka. Jicho, sikio, mkono, mgongo, vyote viko kazini. Tumelisema kwa karne nyingi kwamba jambo lielezwe alifu kwa ujiti. Tulipojenga madarasa ya kisasa tukabaki na ubao na kofi.

Jumatatu moja ya likizo yangu nilishuka na Ticha kwenda kumwona akifundisha. Mwaka 2003, mwaka ule ule serikali ilipoondoa ada ya shule za msingi, timu ya mtafiti James Tooley ilizunguka Kibera ikahesabu shule za kibinafsi 76 zenye zaidi ya watoto 12,000. Shule ya Ticha ni ya namna hiyo. Ukuta kati ya darasa moja na jingine ni mbao nyembamba; darasa la tatu likikariri jedwali la saba, darasa la kwanza linajibu. Benchi la wawili limekaliwa na wanne. Nilitaka kuona vifuniko vya mchanga. Kulikuwa na vinane, kwa darasa zima.

Hapo ndipo niliona kazi. Wanane wanaandika mchangani. Safu ya nyuma inaandika hewani, mkono mzima kuanzia begani, kiwiko hakikunjwi. Waliokaa kando ya ukuta wanapanga vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi kwa wino wa kalamu nene. Baada ya wimbo mfupi wanabadilishana. Hakuna aliyengoja. Ticha anatembea katikati na kitu kimoja tu masikioni mwake: mdomo. Mtoto anayeandika bila kutamka anaguswa bega. "Mkono peke yake ni kuchora," aliniambia. "Mdomo peke yake ni kuimba. Nataka vyote kwa wakati mmoja."

Kisha makofi. Ki-be-ra, matatu. So-we-to, matatu. Mtoto: wengi walipiga mawili, "mto-to", na hapo alisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akiwafumbisha midomo wausikie ule m wa mwanzo ukisimama peke yake kama mlinzi langoni. M-to-to. Alifundisha Kawangware kabla ya kuja huku, na anasema jina la mtaa ule ndio mtihani wake wa mwisho wa muhula: ka-wa rahisi, re rahisi, lakini ngwa ni herufi nne zinazotoka kwa pigo moja la kofi. Akishapita ngwa, mtoto ameiva. Bado ana herufi za msasa alizotengeneza wakati huo. Mabaki aliyaokota kwa mafundi seremala wa barabarani, msasa uliochakaa usiofaa tena mbao lakini unaofaa kidole cha mtoto.

Nilimwuliza kwa nini hatumii unga, kwa kuwa vitabu vya walimu vya ng'ambo hupenda kusema mwaga mchele au unga kwenye sinia, mtoto aandike. Alinitazama kama niliyetukana. "Jirani, hapa kuna mtoto hajala tangu jana mchana. Nimwambie achezee unga?" Niliinamisha kichwa. Kuna ushauri ambao haupandi matatu ya Kibera.

Sitaki kuuza dawa hii kuliko inavyoponya. Njia hii ina mababu wengine huko Marekani: daktari Samuel Orton, aliyeandika mwaka 1925 kuhusu watoto wanaogeuza herufi, na mwalimu Anna Gillingham, aliyeipanga kuwa masomo. Maelezo ya Orton kuhusu pande mbili za ubongo kushindana hayakusimama. Masomo ya Gillingham yakabaki. Lakini mwaka 2021 watafiti waliokusanya majaribio ya njia hiyo hawakuona ushahidi thabiti kwamba inazishinda nyingine. Kinachosimama imara katika tafiti nyingi ni kitu kisicho na mbwembwe: kufundisha sauti za herufi waziwazi, kwa mpangilio, kila siku. Mchanga bila sauti ni mchezo wa mchanga. Na ile hadithi inayopendwa na wauza semina, kwamba huyu ni mtoto wa macho, yule wa masikio, mwingine wa mikono, itupwe jaani, haijathibitika. Watoto wote wana mikono, na wote wana masikio.

Wizara inalijua jambo la sauti. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulipeleka kitabu kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, zikiwemo shule za mabati, na somo likaanza na sauti kabla ya neno. Kipimo kiliwekwa: msomaji mzuri asome maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili, 65 kwa Kiingereza. Watu hudhani tofauti hiyo ni dharau kwa Kiswahili. La. "Atakaponiletea" ni neno moja. Mwingereza analihitaji kapu zima. Nilimpima mpwa wangu kwa simu: 14. Miaka hiyo hiyo watafiti wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya hadithi, walikuta ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaoweza kazi ya darasa la pili. Kwa hiyo mpwa wangu hayuko peke yake, jambo ambalo halikunifariji.

Ticha alinionya jambo moja. Kugeuza herufi ukiwa na miaka sita, saba ni kawaida, si ugonjwa. Akifika tisa bado baba ni dada, na bado anapotea katikati ya neno fupi, usimpeleke kwenye maombi peke yake. Apimwe macho, apimwe masikio, kisha apelekwe Kasarani kwenye Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyopo tangu 1986, watazame kama ana disleksia. Kule Kitengela kuna shule, Rare Gem, inayopokea watoto wa namna hiyo. Katika mitaa yetu neno disleksia bado halijashuka kwenye matatu. Tulilonalo ni "kichwa maji", na mtoto akishaitwa hivyo mara ya tano hujiita mwenyewe.

Wiki sita sasa. Kila jioni, dakika kumi na tano kabla ya chakula, kifuniko cha ndoo kinawekwa mezani, mchanga unamwagika, mama yangu analalamika kwamba tutazibua sinki kwa gharama ya nani. Wiki iliyopita tulifika maneno 22 kwa dakika. Kina "bada" wamehama. Kina dada huja mara moja moja, mtoto akiwa na usingizi.

Jumapili tulikuwa tunatoka Soko la Toi, mkononi nina viatu vya mitumba, yeye ameshika muwa. Kwenye ukuta mmoja mrefu wa mabati mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa zinazochuruzika. Mpwa wangu alisimama. Midomo ilianza kucheza. "U-si... ko... jo... e." Akavuta pumzi. "Usikojoe. Ha-pa. Usikojoe hapa!" Alisema kwa sauti iliyomfikia kila mpita njia, pamoja na bwana mmoja aliyekuwa ameelekea ukutani hatua kumi mbele yetu, ambaye alifunga zipu na kuondoka bila kugeuka.

Nikiwa bado nacheka, nilimwona ameweka muwa chini, amenyoosha vidole viwili, cha shahada na cha kati, anaelekea kwenye ile U iliyolowa. Nilimrukia nikamshika mkono.

"Usiguse hapo!"

Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeonewa.

"Lakini anko, si Ticha alisema nifuate kwa kidole?"